Kupanga geto karibu na Mlimani bila gari: Kariakoo, fundi wa mtaani au vitu vya wanaohama?

Vitanda viwili vya futi nne kwa sita. Kimoja nilikiona Keko, kwenye mafundi wa samani, kwa shilingi 130,000, cha mbao za paini, kimepigwa vanishi vizuri. Kingine kilikuwa kwa fundi seremala wa Msewe, mtaa wa pili kutoka geto langu, yaani chumba nilichopanga. Mbao zilikuwa zilezile, na fundi aligoma kushuka chini ya 150,000. Nikachukua cha Keko. Kirikuu (gari dogo la mizigo) ya kukitoa Keko mpaka Msewe ikanila 40,000, na kijana aliyesaidia kushusha akataka elfu tatu. Cha jirani fundi angekileta mwenyewe kwa mkokoteni bila kunidai hata mia.

Toka siku hiyo nikitajiwa bei ya kitu chochote nauliza kwanza kitafikaje nyumbani. Mwenye gari anaweza kulinganisha maduka. Sisi tusio na gari tunalinganisha bei ya mlangoni, yaani bei ya dukani, nauli ya mzigo, mshushaji, na ile siku nzima ya masomo inayopotea. Ukihesabu hivyo, mahali penye sifa ya bei rahisi mara nyingi hupoteza sifa hiyo kwa vitu vizito, na kwa vitu vyepesi hubaki nayo.

Mdogo wangu ameingia mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, na amekosa hosteli. Hosteli za Magufuli zilipofunguliwa Aprili 2017, majengo 20 ya kuchukua wanafunzi 3,840, zilipunguza sana adha ya malazi, lakini wanaobaki nje bado ni wengi. Wanajaa Changanyikeni, Msewe, Makongo, Survey, Sinza na Ubungo. Ameniuliza anunue nini, wapi. Nimemjibu kwa simu mara nne, nikaona niandike, maana maswali yake ndiyo ya wenzake wote. Bei nitakazotaja ni nilizolipa mwenyewe au nilizotajiwa nikiwa nimesimama mbele ya kitu, kwa hiyo zichukue kama vipimo, si kama bei elekezi.

Kabla ya kitu chochote, hela yenyewe

Boom, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, ya chakula na malazi tangu mwaka wa masomo 2022/23 inahesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa siku, na inaingia kwa mkupuo. Mkupuo unadanganya macho. Chumba changu kilikuwa 90,000 kwa mwezi, mwenye nyumba alitaka miezi sita, dalali akataka mwezi wake mmoja. Hiyo ni 630,000 kabla sijanunua hata kijiko. Kwa hiyo kinacholinganishwa hapa si kipi kizuri na kipi kibaya. Ni kipi kinunuliwe sasa, wapi, na kipi kisubiri mkupuo wa pili.

Njia tatu za kupata vitu

Kariakoo inajulikana, na wengi wanakimbilia huko siku ya kwanza. Wako sahihi kwa nusu. Sufuria, sahani, mashuka, mapazia, chandarua, kebo ya umeme, hivi vyote Kariakoo vinashuka bei kuliko mtaani, na vyote vinaingia kwenye mfuko mmoja wa shangazi kaja. Kutoka Ubungo au Kimara unapanda mwendokasi mpaka kituo cha Gerezani, unatembea, unarudi na mfuko wako mapajani. Nenda asubuhi, siku ya kazi, uwahi kurudi kabla watu hawajaanza kutoka makazini. Na ukifika, ingia dukani mwenyewe. Kijana anayekupokea barabarani na kukwambia "karibu dada, unatafuta nini, nikupeleke" ni winga. Anatafuta riziki yake halali kabisa, lakini riziki hiyo itakaa juu ya bei yako. Kama wewe ni mgeni na hujui vichochoro vya Mtaa wa Congo, msaada wake una thamani. Kama unajua unachotaka, mshukuru, pita.

Utamu wa Kariakoo kwa mwanafunzi uko kwenye jumla. Duka linalokuuzia sahani moja kwa elfu tatu linauza dazani kwa bei nyingine kabisa. Sisi tulikuwa wanne kwenye nyumba moja, tukachanga, tukanunua dazani ya sahani, dazani ya vikombe na seti mbili za sufuria, tukagawana sebuleni. Kila mmoja alitoka na vyombo vya kumtosha, na aliyekwenda ni mmoja tu, nauli ya mmoja.

Ila usinunue Kariakoo kitu ambacho huwezi kukibeba kwa mikono yako miwili. Hapo ndipo faida yote inapokatika.

Fundi wa mtaani ndiye ninayemtetea zaidi, kwa sababu wanafunzi wanamdharau. Wanaona kibanda, maranda chini, kijana amevaa ndala, wanadhani kazi ni ya ovyo. Mbao anazotumia ni zilezile za Keko, na mara nyingine alijifunzia hukohuko Keko. Anakupimia kitu kwa chumba chako. Kitu kikilegea unampitia asubuhi ukienda kupanda daladala, unamwambia, "Fundi, mguu wa meza unacheza," jioni anakuja na nyundo. Jambo hilo duka la mbali haliwezi.

Udhaifu wake ni "njoo kesho". Kitanda cha mwenzangu wa chumba cha pili kiliahidiwa siku tatu kikatoka siku ya 16, naye muda wote huo amelala chini. Tiba tuliyoiona inafanya kazi ni hii: lipa nusu, tena baada ya kuona mbao zimekatwa, na usichague fundi mwenye kazi 20 zilizosimama mlangoni. Pia gusa mbao. Mbao mbichi ni nzito, ina ubaridi fulani mkononi, na msumari ukiingia unatoka na unyevu. Itapinda chumbani kwako ndani ya miezi miwili.

Njia ya tatu ni vitu vya wanaohama. Mwezi wa saba, UE (mitihani ya mwisho wa muhula) zikiisha, wa mwaka wa mwisho wanataka kuondoka kesho yake, na basi la Mwanza au Mbeya halibebi kitanda. Kwenye magrupu ya WhatsApp, kwenye nguzo za umeme, kwenye ukuta wa steshenari, utaona "nahama, nauza vitu vyote". Bei ni nusu, wakati mwingine chini ya nusu, na ikifika jioni ya mwisho inakaribia kugawa. Mtungi wa gesi, meza, feni, ndoo, jiko, pazia pamoja na fimbo yake, kila kitu kipo, tena kipo umbali wa safari moja ya guta (chombo cha mizigo cha magurudumu matatu) kutoka kwako.

Tatizo ni kalenda. Wanaouza wanauza Julai, wanaohitaji wanafika mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Kama unajua mwaka ujao hutapata hosteli, nunua Julai, umuachie mtu unayemwamini anayebaki. Hata kama atakuomba elfu kumi ya kuhifadhi, mpe. Aliyefika Novemba atakuta mabaki, na mabaki hayo yako mikononi mwa watu walionunua Julai ili wauze Novemba. Bei imepanda, lakini bado iko chini ya dukani.

Kuna mambo mawili niliyojifunza kwa wanaohama. Nilinunua meza na kiti kwa kaka mmoja, nikampa hela yote, nikaenda kutafuta guta. Niliporudi, mama mwenye nyumba amesimama getini. Kijana anadaiwa kodi ya miezi miwili, hakuna kitu kinachotoka. Na mama alikuwa na haki ya kukasirika. Tulisimama pale saa nzima, dereva wa guta ananung'unika, mpaka kaka akakabidhi hela yangu yote kwa mama mbele yangu, ndipo geti likafunguliwa. Siku hizi nikienda kuchukua kitu naanza na mwenye nyumba: "Shikamoo mama, nimekuja kuchukua meza kwa mpangaji wako, kuna neno?" Akisema hakuna, mzigo unapanda, kisha hela inatoka. La pili, hamisha mchana. Kitanda na televisheni vikipita barabarani saa tatu usiku, vijana wa ulinzi shirikishi watakusimamisha, na wana sababu. Na anayekwambia "tuma hela kwanza nikuwekee" kabla hujaona kitu kwa macho, achana naye, hata kama picha ni nzuri kiasi gani.

Chombo cha kubebea

Hapa ndipo pa kuwa makini kuliko pengine pote, maana chombo kibaya kinaweza kuzidi bei ya kitu chenyewe. Nilizolipa mimi:

| Chombo | Kinafaa kubeba | Nililipa | Angalia |
|---|---|---|---|
| Daladala au mwendokasi | Mfuko mmoja, sufuria, feni ndani ya boksi | Nauli, na konda akiongeza kidogo kwa mzigo | Si asubuhi wala jioni |
| Bodaboda | Mtungi wa gesi kilo 6, kiti kimoja, ndoo | 2,000 mtaani | Godoro hapana |
| Bajaji | Godoro la futi nne lililokunjwa, meza ndogo | 5,000 Mwenge hadi Msewe | Kubaliana kabla ya kupakia |
| Guta la miguu mitatu | Kitanda kilichofunguliwa, meza, kabati | 8,000 ndani ya kata | Kamba zako mwenyewe |
| Kirikuu | Chumba kizima kwa mara moja | 40,000 Keko hadi Msewe | Jaza, usipakie kitu kimoja |

Guta ndilo jibu la watu wengi na wengi hawalifikirii. Linaingia vichochoro ambavyo kirikuu inaishia barabarani, na dereva wake ana mazoea ya kushusha. Kirikuu ina maana pale tu wanafunzi watatu au wanne mnaohamia mtaa mmoja mnachanga, mnapita Keko na Manzese siku hiyohiyo, na kila mtu anapakia chake. Elfu 40 ikigawanywa kwa wanne ni elfu kumi kila mtu, na hapo Keko inarudi kuwa rahisi. Mimi kosa langu lilikuwa kuikodi peke yangu kwa kitanda kimoja.

Kuhusu godoro kwenye bodaboda, nasema hapana kwa moyo wangu wote. Najua linabebwa, tunaliona kila siku. Kwenye barabara ya Sam Nujoma upepo wa lori ukipita, godoro linakuwa tanga la jahazi na pikipiki inahama njia. Elfu tatu utakayookoa haina uzito huo.

Godoro: jipya, hapana mjadala

Kitu pekee ambacho siwezi kukushauri ununue kwa anayehama ni godoro. Sababu ni kunguni. Anaishi miezi mingi bila kunywa damu, kwa hiyo godoro lililokaa stoo tangu Julai si salama kwa sababu limekaa. Kulianika juani peke yake hakutoshi, wanaingia ndani zaidi wanapohisi joto. Ukishaleta nyumbani, hutalala wewe wala jirani yako wa ukuta wa pili, na mwenye nyumba atajua kunguni wametoka chumba gani.

Sasa lipi? Vipimo vinatajwa kwa futi na unene kwa inchi. Tatu kwa sita inatosha mtu mmoja na inaacha nafasi. Nne kwa sita ndiyo ninayoipendekeza. Tano kwa sita inavutia, lakini chumba cha futi kumi kwa kumi kikishapokea tano kwa sita, meza ya kusomea inakosa ukuta, nawe utasomea kitandani, na anayesomea kitandani mnajua anaishia wapi. Tena tano kwa sita ya inchi nane haikunjiki kuingia kwenye bajaji, kwa hiyo umejiongezea guta.

Unene usikupumbaze. Godoro jepesi la inchi kumi linabonyea likawa chapati ndani ya mwaka, wakati la inchi sita lililoshiba linavuka miaka mitatu ya chuo. Inua magodoro mawili ya kipimo kimoja. Lililo zito zaidi ndilo lenye sponji iliyoshiba. Kisha weka goti katikati, bonyeza kwa uzito wako wote, ondoa. Sponji nzuri inarudi palepale, mbaya inaacha shimo kwa muda. Mwisho fungua zipu ya kava uone ndani. Ukikuta vipande vya rangi mbalimbali vimeunganishwa kwa gundi na hukuambiwa hivyo, rudisha kava, aga, ondoka.

Kariakoo la nne kwa sita inchi nane nilitajiwa 150,000, na bajaji mpaka nyumbani 15,000. Mwenge wakala wa kiwanda alitaka 160,000, bajaji 5,000. Mlangoni yote ni 165,000, shilingi kwa shilingi. Nilichukua la Mwenge, kwa sababu likiwa na kasoro nalirudisha kwa elfu tano.

Kitanda: chuma au mbao

Kwa mpangaji anayejua atahama tena, kitanda kizuri ni kinachofunguka. Hilo ni muhimu kuliko chuma au mbao. Uliza: kichwa, mbavu na chaga vimeshikana kwa bolti au kwa misumari? Cha misumari kikishapigwa ndani ya chumba, siku ya kuhama kinavunjwa, na kikipigwa nje, huenda kisipite mlangoni. Pima mlango wako, na pima pia kona ya korido. Vitanda vingi vinakwama konani.

Cha mbao kina utulivu, hakilii usiku, na fundi wa mtaani anakitengeneza kwa paini kwa bei ya mwanafunzi. Mninga ni mzuri ajabu na utadumu hata ukioa au kuolewa, lakini ni mzito na ni ghali, na miaka mitatu ya kupanga si mahali pake. Cha chuma, ambacho fundi wa kuchomelea anakitoa kwa mabomba ya mraba, kinabebeka, kinafunguka kwa spana namba 13 ndani ya dakika kumi, na mahali pa kunguni kujificha ni pachache. Ila mwambie fundi azibe midomo ya mabomba. Mdomo wa bomba ulioachwa wazi ni nyumba ya wadudu, na mvua ikipiga kitandani wakati wa kuhama, kutu inaanzia humo. Rangi ya kuzuia kutu ipakwe kwanza, ya urembo baadaye. Usiogope kumsimamia akipaka.

Cha mtumba, cha mbao, kutoka kwa anayehama? Nachukua, kwa sharti. Nakwenda na tochi ya simu mchana. Nageuza chaga, naangalia matundu ya bolti na pembe ambazo ubavu unakutana na kichwa. Vidoa vyeusi vidogo kama nukta za kalamu ya wino, vimejipanga kwenye ufa, ni kinyesi cha kunguni. Nikiona hata viwili, sijadili bei tena. Cha chuma cha mtumba ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa kuwa nikikifungua, kila kipande kinamwagiwa maji yanayochemka nje uani kabla hakijavuka kizingiti.

Na kama hela haipo, weka godoro juu ya mkeka kwa mwezi mmoja. Hakuna aibu. Liinue kila asubuhi lisimame ukutani, maana sakafu ya Dar ina unyevu na upande wa chini utaota ukungu ukiliacha.

Jiko

Mtungi wa gesi kilo 6 wenye jiko juu yake umekuwa alama ya geto, na kwa haki. Mpya kamili nililipa 55,000, kujaza 24,000, na kwa mtu mmoja anayepika mara moja kwa siku nilikuwa nafika mwezi na nusu. Wa mtumba kwa anayehama ulikuwa 25,000 ukiwa mtupu. Hapa mtumba una akili nzuri, kwa sababu mtungi wenyewe utabadilishwa dukani siku ya kwanza ya kujaza, na kitu chako cha kudumu ni jiko la juu tu. Angalia mambo mawili: kampuni ya mtungi iwe na wakala mtaani kwako, na jiko la juu lifunge na kufungua bila kukwaruza. Ukijaza, omba upimwe kwenye mzani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi, ongeza kilo sita, ndiyo hesabu yako. Nyumbani paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, funga, peleka nje.

Jiko la umeme la sahani moja ni rahisi kununua, linaingia kwenye begi la mgongoni, na ndiyo maana linapendwa na asiye na gari. Hesabu yake iko kwenye LUKU. Sahani ya wati 1,000 inakula uniti moja kwa saa. Nyumba za wapangaji wengi ziko kwenye T1, kundi la bei ya kawaida ya umeme, ambako uniti ni kama shilingi 356 ukijumlisha kodi. Maharage ya saa mbili ni zaidi ya shilingi 700 kwa sufuria moja. Si balaa ukiwa na LUKU yako, lakini LUKU ikiwa ya wote, ugomvi wa nani anapika maharage unaanza wiki ya pili, na wenye nyumba wengi wanalikataza kabisa. Uliza kabla hujanunua, usisubiri kuulizwa wewe.

Mkaa kwa chumba kimoja, sitaki hata kuulinganisha. Wanafunzi wamelala na jiko la mkaa ndani kwa sababu ya mvua, na hawakuamka. Kama ni lazima, liwe nje, na lilale nje.

Meza, na vilivyobaki

Meza ya kusomea ndiyo inayokatwa kwanza kwenye bajeti, na ndiyo ningeiweka ya pili baada ya godoro. Ya plastiki inapinda ukiegemea na inatikisika ukiandika. Ya fundi, ubao wa futi mbili kwa tatu na miguu ya paini, ilinigharimu 35,000 ikiletwa mlangoni. Ya mtumba kwa anayehama 15,000 pamoja na kiti. Kwa meza, mtumba unashinda kila kitu, kwa kuwa ni mbao chache zinazoonekana zote na kunguni haoni pa kukaa. Kiti kiwe cha mbao chenye mgongo. Cha plastiki kikalie kwa muda wa saa nne usiku wa kujisomea UE, utaniambia habari za mgongo.

Kabati usinunue mwaka wa kwanza. Lile la kitambaa na mabomba ya plastiki linasimama miezi michache kisha linalala upande. Kamba imara, hanga kumi na sanduku moja chini ya kitanda vinatosha. Feni, ndiyo, ya kusimama, tena uwe nayo kabla ya Desemba. Joto la Desemba mpaka Machi si la kusimuliwa. Ya mtumba iwashe dakika 15 mbele ya muuzaji, weka kiganja nyuma ya mota. Ikichoma, iache. Ndoo mbili zenye mfuniko na madumu ya lita 20 nunua duka la jirani kabisa, maana maji yakikatika utayahitaji saa hiyohiyo. Chandarua kiingie usiku wa kwanza.

Mkinunua kitu wawili, mfano friji dogo, andikeni kwenye karatasi leo mkiwa bado mnacheka pamoja: nani alitoa kiasi gani, na siku ya kuhama nani anabaki nacho na anamlipa mwenzake ngapi. Nimeona marafiki wa kutoka sekondari wakiachana kwa ajili ya friji.

Mdogo wangu nimemwambia hivi: mkupuo huu godoro jipya la Mwenge, mtungi wa mtumba, meza ya mtumba, ndoo na chandarua. Kitanda cha chuma kwa fundi wa Msewe, alipe nusu sasa, amalizie mkupuo wa pili, wakati huo alale kwenye mkeka. Kariakoo aende mara moja tu, na wenzake watatu, na mfuko mmoja. Spana namba 13 nimempa yangu.